Siku Mama Gramu Alipofunga Mizani

Wapagazi wa bohari ya nafaka walimpa jina la Mama Gramu, naye hakuwahi kulikataa. Kwa miaka kumi na minne alisimama kando ya mizani kubwa ya sakafuni, mlangoni pa bohari, koti la bluu mwilini na kalamu nyuma ya sikio. Gunia la kilo tisini lilipaswa kuwa na kilo tisini. Likipungua gramu mia mbili, lilirudishwa ndani. Likizidi gramu mia mbili, lilirudishwa vilevile, kwa kuwa kwake kosa lilikuwa kosa, liwe la kupunja au la kupendelea.

Kwa hiyo daktari wa zahanati alipomweleza hali yake kwa tarakimu, alizipokea kwa heshima zote.

"Wastani wako wa sukari ni sita nukta tatu," alisema daktari, mwanamke mpole aliyezungumza huku akiandika. "Ukifika sita nukta tano tutauita kisukari. Bado hujafika, ila umesimama mlangoni."

"Na mtu akiwa mlangoni anaweza kugeuka?"

"Anaweza sana. Nakupa wiki kumi na mbili. Angalia unachokula, fanya mazoezi, punguza kilo nne au tano. Kisha tutapima tena. Namba ikishuka, utarudi nyumbani ukiwa huru. Isiposhuka, tutaanza vidonge."

Mama Gramu alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na uzito wa kilo themanini na nane na gramu mia nne. Vidonge vyenyewe hakuviogopa. Alimkumbuka mama yake mzazi, ambaye sukari yake iligunduliwa kwa kuchelewa, na ambaye katika miaka ya mwisho alimtambua bintiye kwa sauti tu, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kuaga. Alitoka zahanati akijisemea maneno mawili njia nzima: mimi hapana.

Nyumbani alimkuta wifi yake sebuleni, ameketi kwenye kiti bora kuliko vyote kama ilivyokuwa desturi yake. Wifi huyu alikuwa mdogo wa mumewe. Alikuwa fundi wa kushona nguo, mwembamba kama uzi aliokuwa akiutunga, na kila alfajiri alikimbia kilomita sita kabla hajafungua duka. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Wifi, hapo hakuna mjadala," alisema mwishowe. "Ni kukimbia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakugongea."

"Na magoti yangu?"

"Yatazoea. Kwani yamezaliwa jana?"

Mumewe, fundi umeme asiyependa ugomvi, aliombwa atoe maoni. Alikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mimi ni mume wa mmoja na kaka wa mwingine," alisema. "Sina kauli. Chai ipo?"

Kesho yake Mama Gramu alikimbia. Alikimbia kutoka mlangoni kwake hadi duka la vioo, akasimama, akashika ukuta. Wifi yake alikuwa mbele, akikimbia kinyumenyume ili aendelee kuongea.

"Pumua kwa pua!"

"Pua... haitoshi."

"Basi pumua kwa chochote ulicho nacho, wifi, twende!"

Kwa siku tisa alipumua kwa chochote alichokuwa nacho. Siku ya kumi magoti yalivimba, na bohari ilikuwa na ngazi ya vipandio kumi na saba. Mpagazi mmoja, mzee aliyeitwa Tani Moja kwa sababu ya mabega yake, alimwona akipanda kipandio kimoja kwa wakati, ameshikilia ukuta, akasema kwa huruma kuwa hata gunia la maharage hupanda ngazi ile kwa haraka zaidi. Mama Gramu alimalizia vipandio vilivyobaki. Lakini alasiri hiyo, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, aliingia kwenye jimu ya wanawake iliyokuwa juu ya duka la rangi.

Hapo zamani palikuwa karakana ya samani, na harufu ya mbao ilikuwa bado haijahama. Mwenye jimu alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mfupi, mnene kidogo, na mwenye mikono iliyojaa. Wote walimwita Mwalimu. Kando ya ukuta palipangwa vyuma vya duara, kila kimoja kimechorwa namba: mbili na nusu, tano, kumi, ishirini. Mama Gramu aliviangalia kama mtu aliyekuta jamaa zake ugenini.

"Hivi vimekaguliwa?" aliuliza.

"Vimekaguliwa na nani?"

"Na mkaguzi wa vipimo."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Vimekaguliwa na migongo ya wanawake ishirini na sita. Hakuna aliyelalamika."

Jibu hilo halikumridhisha. Siku ya tatu aliomba ruhusa, akavichukua vyuma sita ndani ya kikapu hadi bohari, akavipima kimoja kimoja, na akavirudisha vikiwa vimeandikwa kwa chaki uzito wao wa haki. Kimoja cha kilo kumi kilikuwa na kilo tisa na gramu mia nne. Wanawake waliokuwa wakijivunia chuma hicho walimnunia wiki nzima.

Hata hivyo, kuinua vyuma kulimfaa. Mwalimu alimfundisha kuchuchumaa akiwa ameegemeza fimbo ya chuma mabegani, mgongo wima, visigino chini. Alimfundisha kuinua mzigo kutoka sakafuni kwa nguvu ya mapaja, si ya kiuno. Mama Gramu alikuwa ametazama kazi hiyo ikifanywa vibaya kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo alijua upesi jinsi ya kuifanya vizuri. Alianza na fimbo tupu. Wiki ya tatu aliinua kilo thelathini. Wiki ya tano aliinua arobaini na tano, akapiga kelele ya furaha hadi muuza rangi akapanda kuuliza kama kuna aliyeumia.

Wifi alizipokea habari hizo kama usaliti.

"Umehama chama," alisema, sindano ikiwa katikati ya midomo. "Unaniacha barabarani peke yangu ukabebe vyuma. Kwani bohari haikutoshi? Mwisho utafanana na Tani Moja."

"Tani Moja ana miaka sitini na sukari yake ni safi."

"Sikatai. Lakini daktari alisema upunguze kilo. Alisema uongeze mabega? Vyuma vinajenga, wifi, havipunguzi. Anayetaka kupungua anakimbia. Mtu yeyote atakwambia."

"Mizani ndiyo itaniambia."

"Haya. Mizani ikikuambia nilikuwa sahihi, kesho yake unavaa raba."

"Navaa."

"Bila sababu za magoti?"

"Bila sababu zozote."

Wakashikana mikono. Mama Gramu alikuwa mtu wa neno lake, na kwa kweli hakuona hatari. Kila asubuhi, kabla wapagazi hawajafika, alivua viatu, akapanda mizani ya bohari, na kuandika uzito wake kwa penseli nyuma ya mlango. Alikuwa amepunguza wali, ameacha soda, amezidisha mboga. Hesabu ilikuwa upande wake.

Lakini namba hazikumsikiliza. Wiki ya kwanza ya vyuma zilisema themanini na nane na gramu mia mbili. Ya pili, themanini na nane na nusu. Ya tatu na ya nne zilipanda na kushuka kama mtu asiyejua anakokwenda. Na Jumatatu ya wiki ya saba tangu aende zahanati, saa moja asubuhi, mizani ilisoma themanini na tisa kamili.

Alishuka. Akapanda tena. Themanini na tisa. Akavua saa ya mkononi, akavua koti, akatoa funguo mfukoni. Themanini na nane na gramu mia tisa na hamsini. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu, na akafikia uamuzi ambao mtu mwingine yeyote duniani asingeufikia. Aliamua kwamba mizani imeharibika.

Malori matatu yalipofika kupakia, yalikuta kamba imezungushwa kwenye mizani, na juu yake kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: IMEFUNGWA KWA UKAGUZI.

"Imefanya nini?" aliuliza Tani Moja.

"Inadanganya."

"Jumamosi haikudanganya."

"Labda ilianza kudanganya wiki tano zilizopita, na sisi tukaendelea kupakia. Unataka tupunje watu?"

Lilikuwa swali la haki. Meneja wa bohari alitoka ofisini, akasoma kibao, akayaangalia malori, akarudi ndani kupiga simu. Saa nne mkaguzi wa vipimo alifika na sanduku la mawe yake ya shaba ya kupimia, lililoshushwa garini na wapagazi wawili. Alikuwa bwana mrefu, mtaratibu, aliyevaa glovu nyeupe ili jasho la vidole lisiongeze uzito wa mawe. Mama Gramu alimheshimu kuliko watu wengi.

Mkaguzi aliweka jiwe la kilo tano. Mizani ikasoma tano. Akaweka kumi, ishirini, hamsini. Akayapanga yote hadi yakafika mia moja, kisha akayaondoa moja baada ya jingine. Wapagazi na madereva walisimama kama watu wanaongoja hukumu. Mwishowe mkaguzi alivua glovu.

"Mizani hii ni nzima," alisema. "Ni nzima hadi gramu hamsini. Laiti zote zingetunzwa namna hii. Sasa nieleze, ni gunia lipi lililokutia shaka?"

Mama Gramu aliangalia sakafu.

"Halikuwa gunia?" aliuliza meneja.

"Hapana."

"Kulikuwa na mzigo gani, basi?"

Mtu mwingine angedanganya. Yeye alikuwa Mama Gramu. "Nilikuwa mimi," alisema.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha Tani Moja, ambaye alikuwa ameuona mlango na maandishi yake ya penseli, alielewa kwa niaba ya wote. Alicheka hadi akakalia gunia. Madereva walidakia, wapagazi wakafuata, na hata mkaguzi aligeukia sanduku lake kwa haraka, mabega yakimtikisika.

"Malori matatu!" meneja alisema, akijitahidi kukasirika na kushindwa. "Malori matatu yamesimama asubuhi nzima kwa sababu mama amenenepa nusu kilo!"

"Gramu mia sita," alisema Mama Gramu kwa unyonge, na kicheko kikaanza upya.

Naye alicheka, kwa kuwa kutocheka kungekuwa kazi kubwa zaidi. Lakini mchana, alipobaki peke yake na namba zake nyuma ya mlango, kicheko kilimwisha. Wiki sita zilikuwa zimekwenda. Zilibaki sita. Mizani ilikuwa imesema kweli, na yeye alikuwa ameahidi.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja dukani kwa wifi yake.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na vipande vya vitambaa vilivyofunika sakafu. Wifi alikuwa akipiga pasi kola.

"Wifi, umeshinda," alisema Mama Gramu akiwa bado mlangoni. "Kesho nigongee saa kumi na mbili. Nitavaa raba."

Alitarajia kelele za ushindi. Wifi aliinua macho, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Alikuwa akitazama sketi ya Mama Gramu, pale kiunoni, ambapo pini kubwa ya usalama ilishikilia mkunjo wa kitambaa.

"Hiyo pini ya nini?"

"Lastiki imechoka."

"Imechoka?" Wifi aliiweka pasi chini. "Lastiki hiyo nimeitia mimi mwenyewe, na haijamaliza miezi mitatu. Lastiki yangu haichoki, wifi. Usinivunjie heshima dukani kwangu. Njoo hapa."

Aliichunguza lastiki, akaivuta, akaiachia. Ilirudi kwa kishindo. Bila kusema neno alichukua futi iliyoning'inia shingoni, akamzungushia Mama Gramu kiunoni, akasoma. Akapima mara ya pili. Kisha alifungua daftari la vipimo vya wateja, akatafuta ukurasa, akarudi akapima mara ya tatu.

"Vipi?" aliuliza Mama Gramu. "Usinifiche. Imefika ngapi?"

Wifi alilifunga daftari. Aliketi juu ya kiti cha cherehani, futi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona fedha ya mwenzake ikianguka na hakuna shahidi mwingine.

"Ningekuwa mtu mbaya," alisema polepole, "ningekaa kimya, na kesho ungevaa raba."

"Sema, wifi."

"Nilipokupima mara ya mwisho kiuno kilikuwa inchi arobaini na moja. Leo ni thelathini na nane."

"Lakini nimeongezeka uzito! Mkaguzi amekuja na mawe!"

"Mkaguzi gani?"

Ikabidi amsimulie. Wifi alicheka hadi machozi yakadondokea kola iliyokwisha kupigwa pasi, na ilimlazimu aipige tena. Alipotulia, alivuta kutoka chini ya meza kopo la vifungo na mfuko uliovimba wa pamba ya kujazia mito.

"Nyanyua hivi viwili."

Mama Gramu alivinyanyua, kimoja kila mkono. Mikono yake ilikuwa na uzoefu. "Vinalingana. Labda kilo moja na nusu kila kimoja."

"Sasa niambie kipi kitaenea ndani ya sketi yako."

Mama Gramu alikitazama kile kikopo kidogo, akautazama mfuko uliofunika kifua chake kizima. Halafu aliviweka chini taratibu, kwa sababu aibu ya asubuhi ilikuwa imerudi kwa sura mpya. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepanga mahindi upande wa kushoto na pumba upande wa kulia. Tani ya mahindi ilikaa pembeni kwa adabu. Tani ya pumba ilijaza chumba hadi darini. Hakuna mtu katika mji mzima aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba uzito mmoja unaweza kudai nafasi mbili tofauti, na hakuna aliyechelewa kulikumbuka jambo hilo kwenye mwili wake mwenyewe.

"Pumba zinatoka," alisema kwa sauti ndogo, "mahindi yanaingia."

"Sijui habari za pumba," alisema wifi. "Mimi najua inchi tatu ni inchi tatu. Endelea na vyuma vyako." Alijikaza, akaongeza: "Ila moyo nao unataka mbio. Hilo silirudishi nyuma hata ukiniletea mkaguzi wako."

"Na ahadi yangu?"

"Ahadi ni ahadi. Jumanne na Alhamisi unakimbia na mimi. Kidogo kidogo, na nitakungoja. Siku nyingine nenda ukabebe."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Mama Gramu alifunga kamba za raba akiwa tayari kwa maumivu, akakimbia hadi duka la vioo, akalipita. Alilipita bila kulitambua, na alipogeuka kuangalia, wifi yake alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Magoti yako wapi?"

"Yapo! Yanakuja na mimi!"

Mapaja yaliyochuchumaa na kilo arobaini na tano yalikuwa yameyapokea magoti na kuyabeba. Hakuwa na mbio za kusifiwa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliwapita kwa mwendo wa kawaida akawasalimu. Lakini alikimbia, akatembea, akakimbia tena, na siku ya pili ngazi ya bohari ilimkuta akipanda bila kushika ukuta. Kuanzia wiki ya nane namba nyuma ya mlango zilianza kushuka zenyewe, taratibu, kama wageni walioelewa kuwa muda wa kuaga umefika.

Wiki ya kumi na mbili alikwenda kutolewa damu. Siku ya majibu wifi alifunga duka ili amsindikize, na wote wawili waliketi kwenye benchi la zahanati bila kutaniana, jambo lililowatia hofu kuliko hospitali yenyewe. Mama Gramu alitazama mikono yake. Alijua kiuno chake, alijua uzito wake, alijua kila chuma alichokiinua. Namba aliyoitaka ilikuwa ndani ya bahasha ya mtu mwingine, na hakuna futi wala mizani ambayo ingemwonyesha mapema.

Daktari aliwaita. Alifungua bahasha, akasoma, akamtazama Mama Gramu kana kwamba analinganisha karatasi na mtu.

"Umepungua kilo nne na kidogo."

"Kilo nne na gramu mia tatu. Na sukari?"

"Tano nukta sita."

Mama Gramu aliichungulia karatasi. "Mlango uko wapi?" aliuliza hatimaye.

"Nyuma yako, mbali tu. Hakuna vidonge. Endelea hivyohivyo, na urudi baada ya miezi sita tuangalie."

Wifi alipiga kigelegele ambacho kiliwasimamisha wagonjwa wote wa ukumbini. Daktari alicheka, akachukua kalamu.

"Niambie, umefanya nini? Nataka kuwaeleza wengine."

"Amekimbia," alisema wifi.

"Nimebeba vyuma," alisema Mama Gramu, kwa wakati uleule.

"Niandike lipi?"

"Andika kukimbia kwanza, daktari, ndiko kulikoanza."

"Kulianza, kukashindwa! Aliyeyafufua magoti ni nani?"

"Na aliyepima kiuno ni nani? Ningekunyamazia, ungekuwa umeacha!"

Daktari aliandika mistari miwili, akaipigia mstari yote miwili kwa usawa, akawaonyesha mlango kwa adabu, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Walitoka hadi ukumbini wakiendelea kubishana. Katikati ya sentensi, sauti ya wifi ilikatika. Alisimama karibu na dirisha la dawa, mkono mdomoni, na machozi yakaanza kumtoka.

"Wewe! Unalia nini tena?"

"Niliogopa, wifi," alisema. "Kelele zote zile za barabarani, nilikuwa naogopa tu. Nilimwona mama yako mwisho wake. Nikajiambia, huyu akipotea, mimi nitagombana na nani?"

Mama Gramu hakuwa mtu wa maneno mengi penye hisia. Alimtazama yule mwanamke mwembamba, akatanua miguu, akaunyoosha mgongo, akachuchumaa, visigino chini. Akamkumbatia mapajani na kumwinua juu kwa mwendo mmoja safi.

"Wifi! Niteremshe! Watu wanatazama!"

"Acha watazame."

"Nitaanguka!"

"Huanguki."

Wagonjwa walipiga makofi. Bibi mmoja mwenye fimbo aliuliza kwa sauti dawa ile inatolewa dirisha gani. Mlinzi alikimbia kufungua milango yote miwili, na Mama Gramu akatoka nje kwenye jua la asubuhi, wifi yake akiwa juu, analia na kucheka na kumpiga begani kwa mkoba.

"Kaka yangu akisikia hili!"

"Ndiko tunakokwenda," alisema Mama Gramu, akashika njia.